Lights Out: Swichi Moja, Jakamoyo la Usiku Mzima

Nimetoka kuitazama sasa hivi, na naandika haya kabla msisimko haujapoa. Filamu inaitwa Lights Out, ya mwaka 2013, kazi ya mwongozaji wa Sweden, David F. Sandberg. Haifiki dakika 3. Ndani yake hakuna mazungumzo, hakuna damu inayotapakaa, hakuna msitu wala makaburi. Kuna mwanamke mmoja, korido moja, chumba kimoja cha kulala na swichi ya taa ukutani. Basi! Na kwa vitu hivyo ambavyo kila nyumba yenye umeme inavyo, Sandberg amenitia jakamoyo ambalo filamu nyingi za saa mbili hazijawahi kulikaribia.

Nalisema mapema ninaloliamini: ufupi wa filamu hii si upungufu, ndio silaha yake. Filamu ndefu ya kutisha ina madeni. Inadaiwa asili ya mzimu, inadaiwa sababu ya kisasi, inadaiwa mtu wa kutuambia jinsi ya kuushinda. Filamu fupi haidaiwi chochote. Inakupa kanuni moja, inaibana, inaibana tena, kisha inakuacha palepale pabaya kuliko pote. Sijaona kazi inayolionyesha jambo hili kwa usafi kama hii.

Tahadhari kabla sijaendelea: nitaisimulia yote, hadi sekunde ya mwisho. Kama hujaiona, weka andiko hili pembeni, kaitazame, kisha urudi tuzungumze. Haitakuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Kanuni moja, na umeshaikubali

Mwanamke yuko kwenye fleti yake, anajiandaa kulala. Anafika kwenye swichi, anazima taa ya korido. Gizani, upande wa pili, pamesimama kivuli cha mtu. Anawasha: korido tupu. Anazima: kimesimama palepale. Anawasha: hakuna kitu.

Hapohapo, bila mtu kutamka hata silabi, umeshafundishwa sheria yote ya filamu. Gizani kipo, mwangani hakipo. Mtoto wa darasa la kwanza angeielewa. Na uzuri wenyewe ni kwamba umeigundua mwenyewe, kwa macho yako, wakati uleule anaoigundua yeye. Hakuna mzee aliyeletwa kutufafanulia, hakuna kitabu kikuukuu kilichofunguliwa maktaba. Ungeambiwa, ungetia shaka. Lakini umeona, na ulichokiona huwezi kukibishia.

Wazee wetu waliijua sana nguvu ya namna hii. Usipige mluzi usiku. Usifagie usiku. Ukisikia unaitwa usiku na sauti usiyoitambua, usiitike. Makatazo mafupi, yasiyo na maelezo marefu, na kwa kuwa hayana maelezo mtoto hulala akiyageuza kichwani: na nikiitika je? Kanuni fupi humwachia msikilizaji kazi ya kujitisha mwenyewe. Sandberg ameijenga filamu nzima juu ya msingi huo, na ameujenga ndani ya sekunde chache za mwanzo.

Kisha anaanza kuichezea kanuni yake. Swichi, giza. Swichi, mwanga. Swichi, giza. Mara ya kwanza unashangaa, inayofuata unahakikisha, na baada ya hapo mwili wako umeshashika mapigo ya mchezo na umeanza kusubiri. Hapa ndipo taharuki inapotengana na mshtuko wa kawaida. Mshtuko hukukuta hujajiandaa. Taharuki hukukuta umejiandaa kabisa, umekaza meno, unajua nini kinakuja, na bado huna la kufanya. Nilijua! Nilijua kabisa kwamba safari moja taa ikizimwa kivuli hakitakuwa tena kule mbali. Nilijua, na nilikuwa namsihi yule mwanamke moyoni aondoe mkono kwenye swichi. Akazima. Kikawa hapa, karibu naye, karibu nami. Vinyweleo vyote vikanisimama.

Tazama vizuri alivyofanya. Kivuli hakijapiga kelele, hakijakimbia, hakijamgusa mtu. Hatujakiona hata kikipiga hatua moja. Kimebadilisha mahali tu. Safari yenyewe, ile ya kutoka mwisho wa korido hadi mbele ya uso wake, tumeitengeneza sisi watazamaji katika kufumba na kufumbua, na kila mmoja wetu ameitengeneza kwa namna inayomtisha yeye.

Kamera iliyokataa kutikisika

Nimeirudia palepale ili nione imefanywaje, na kilichonikaa zaidi ni utulivu wa kamera. Haihangaiki, haimkimbilii mtu, haitutegei kona. Imesimama tu, inatazama.

Utulivu huo una sababu ya kiufundi. Sandberg mwenyewe ameshaonyesha hadharani mbinu aliyotumia: picha moja imegawanywa vipande, sehemu moja ikapigwa pasipo kivuli na nyingine pakiwa na kivuli, kisha vipande vikaunganishwa kwenye uhariri hadi jicho likadhani ni tukio moja lisilokatika. Mbinu kama hiyo haivumilii kamera inayotikisika. Kamera lazima ikae juu ya miguu mitatu na isisogee hata unywele, la sivyo kiungo kitaonekana.

Na hilo sharti la kiufundi ndilo lililozaa hofu! Kamera inapotikisika, inakuelekeza: tazama huku, sasa ogopa kule. Kamera inapotulia, kazi ya kutafuta inakuwa yako. Unaanza kulichambua giza inchi kwa inchi. Je, kile ni kichwa? Ule ni mkono au ni fremu ya mlango? Kivuli chenyewe hakina uso, hakina nguo unazoweza kuzieleza. Ni umbo tu, kichwa na mabega na mikono iliyoning'inia, jeusi ndani ya weusi. Macho yanakaza, mwili unasogea mbele kwenye kiti, na mtazamaji aliyesogea mbele kwenye kiti ni mtazamaji aliyenaswa.

Sauti nayo imebaniwa vilevile. Kitu ambacho sikio linakiandama ni ule mlio mdogo wa swichi. Tak. Tak. Baada ya muda mfupi mlio huo unabeba uzito wote wa hofu, kwa sababu sikio limeshajifunza kwamba kila tak ni swali jipya linaloulizwa korido, na korido inaweza kujibu vyovyote.

Selotepu, na mtu mwenye akili zake

Sasa nije kwenye kipande nilichokipenda kuliko vyote. Baada ya kivuli kumsogelea, mwanamke anawasha taa. Wewe mpenzi wa filamu za kutisha umeshawazoea wahusika wanaoshuka peke yao ghorofa ya chini wakiuliza "nani hapo?" Huyu hafanyi hivyo. Anachukua utepe mpana wa gundi na kuibandika swichi isiweze kushuka. Taa itawaka usiku kucha, mjadala umefungwa.

Nilitaka kumpigia makofi! Ndicho hasa ambacho mimi na wewe tungefanya. Ameielewa kanuni kama tulivyoielewa na ametafuta dawa yake kwa kitu kilichomo nyumbani. Lakini hapohapo ndipo Sandberg anapokaza uzi. Mtu mjinga akidhurika tunasikitika kidogo na kujiambia sisi tungeokoka. Mtu mwenye akili aliyefanya kila linalostahili, akidhurika yeye, basi hakuna aliye salama. Kile kipande cha gundi kinatuondolea utetezi wetu wa mwisho, ule wa kujiona werevu kuliko mhusika.

Na kinatupa kitu kipya cha kuogopa. Kabla yake, hatari ilikuwa giza. Baada yake, hatari ni lolote linaloweza kuleta giza: gundi ikibanduka, balbu ikiungua, umeme ukikatika. Sisi tuliozoea umeme kuondoka bila kuaga hatuhitaji kufafanuliwa hapo.

Anaingia chumbani, anapanda kitandani, taa ya pembeni inawaka. Nje ya chumba kuna vishindo. Tazama jinsi makazi yake yanavyopungua: alikuwa na fleti nzima, ikabaki korido yenye taa, kikabaki chumba, kikabaki kitanda, na sasa amejifunika gubigubi, amebaki na shuka tu. Sandberg anamfuata kama maji ya bamvua yanavyofuata ufuko: hayakimbii, hayana pupa, lakini kila ukitazama yamepunguza mchanga uliosimama. Hakuna pahali pa kutorokea kwa sababu hakuna pahali palipobaki.

Plagi iliyolegea

Taa inaanza kucheza. Inafifia, inarudi, inafifia. Yeye yuko chini ya shuka, na sisi tunaijua kanuni kuliko tunavyojua majina yetu: ikizimika, imekwisha. Ananyoosha mkono taratibu, nje ya shuka, kuelekea kwenye plagi.

Huo mkono! Mkono mtupu, umetoka kwenye kinga pekee iliyobaki, unapapasa waya. Nadhani sijawahi kuutazama mkono wa mtu kwa umakini kiasi kile. Kila sehemu ya akili yangu ilikuwa inasubiri mkono mwingine utokee kuushika. Anaikandamiza plagi kwenye soketi. Taa inatulia. Hakuna kilichomshika.

Nikapumua. Na kupumua huko ndiko Sandberg alikokuwa anakusubiri.

Mbinu hii ina ukoo wa heshima. Mwaka 1942 mwongozaji Jacques Tourneur na mtayarishaji Val Lewton walitoa Cat People. Ndani yake kuna mwanamke anayetembea peke yake usiku akisikia hatua za viatu nyuma yake. Hatua zinakoma, anaongeza mwendo, ukimya unazidi kukaza, mara mlio mkali kama wa paka mkubwa unachana picha, na kumbe ni basi linalofunga breki mbele yake. Mhariri Mark Robson ndiye aliyeipanga sauti ile, na tangu hapo watu wa filamu huita mbinu hiyo basi la Lewton: unamkaza mtazamaji hadi mwisho, halafu unamfungulia kwa kitu kisicho na madhara.

Sandberg amelichukua basi lile akaligeuza. Tourneur anamaliza tukio kwa nafuu. Sandberg anaitumia nafuu kama mtego. Plagi iliyolegea ni maelezo ya kawaida kabisa, ya kifundi, ya mchana kweupe. Inakufanya useme moyoni kwamba labda yote yalikuwa umeme mbovu. Mwanamke naye anawaza hivyohivyo. Anashusha shuka taratibu, anachungulia mlangoni. Hakuna mtu. Bega linashuka, uso unalegea.

Kisha anageukia upande wa taa.

Kiko hapo. Kimekaa pembeni ya taa, mwangani, macho yametoka na mdomo umeachama, na kinaizima taa kwa mkono wake chenyewe. Mwisho!

Kwa nini mwisho ule unauma

Nimekaa nikijiuliza kwa nini kipigo kile kimeniingia kwa kina namna ile, na jibu ni kwamba hakijatushtua tu, kimetunyang'anya kanuni. Filamu nzima imetuapia kwamba mwanga ni ngome. Tumeiamini, tumejenga juu yake, tumebandika gundi, tumekaza plagi. Na katika sekunde ya mwisho kiumbe kinaonekana palepale kwenye mwanga, tena kikiwa na mkono juu ya swichi. Ngome ilikuwa mikononi mwake muda wote.

Halafu picha inakatika, na hapa ndipo nguvu ya ufupi inapojidhihirisha. Hatuambiwi kiumbe ni nani. Hatuambiwi kinamtaka nini mwanamke huyu, wala kilichomfika baada ya giza kuingia. Filamu imeondoka na majibu yote, na umebaki wewe na swichi za nyumbani kwako.

Linganisha na kilichotokea baadaye. Mwaka 2016 Sandberg mwenyewe aliigeuza kuwa filamu ndefu huko Marekani, mtayarishaji akiwa James Wan, wahusika wakuu wakichezwa na Teresa Palmer na Maria Bello. Iligharimu takriban dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya milioni 140 duniani, mafanikio makubwa kwa kipimo chochote. Humo kiumbe kinapewa jina, Diana, kinapewa ugonjwa, hospitali na historia na familia moja. Inatisha, naipenda, na tukio lake la mwanzo kwenye ghala linaurudia mchezo wa swichi kwa ustadi mkubwa. Lakini kila jibu linalotolewa linapunguza hofu kidogo. Kiumbe chenye jina na historia kinaweza kutafutiwa dawa. Kile cha kwenye fleti hakina jina, na hakina dawa.

Ndugu zake wa kuwatafuta

Ukishaonja hii, usiishie hapo. Itafute Mamá ya mwaka 2008, ya Andy Muschietti, iliyotengenezwa Hispania, nayo ya dakika chache tu. Mtoto wa kike anamwamsha ndugu yake usiku kumwambia kwamba mama amerudi, na wote wawili wanaogopa. Hilo peke yake linatosha! Watoto wanaomkimbia mama: akili inagoma kabla hata hujaona chochote. Kamera inawafuata ndani ya nyumba katika mwendo unaoonekana haujakatwa, kwa hiyo hupati hata kope la kupumzika. Guillermo del Toro aliipenda kiasi cha kusimamia filamu ndefu iliyotokana nayo, iliyotoka mwaka 2013.

Kisha nenda kwenye Curve ya mwaka 2016, ya Tim Egan wa Australia. Hakuna mzimu, hakuna neno linalosemwa. Mwanamke anazinduka akiwa kwenye ukingo wa zege laini lililopinda, chini yake shimo jeusi. Anachozuia nacho asiteleze ni viganja vyake tu, na viganja vimechubuka. Unatazama ngozi ikiminyana na zege na unajikuta umekaza miguu yako mwenyewe sakafuni. Kanuni moja tena: ukisogea, unateleza.

Zote tatu zinafanana kwa hilo. Kanuni inaingia mapema, inaingia kwa macho, na inabanwa hadi ikatike. Hakuna iliyopoteza muda kukueleza ulimwengu wake.

Kwa wanaotaka kutengeneza

Nawaandikia hasa vijana wenye simu nzuri, wazo kichwani na mfuko mtupu. Lights Out haikutoka studio kubwa. Sandberg aliitengeneza nyumbani, na mwanamke unayemwona ni mkewe, Lotta Losten. Waliipeleka kwenye shindano la filamu fupi la Bloody Cuts, kikundi cha Uingereza cha watengenezaji wa filamu za kutisha, na Sandberg akatwaa tuzo ya mwongozaji bora. Video ikasambaa mitandaoni, Hollywood ikapiga simu, na mtu aliyekuwa akipiga picha kwenye korido ya fleti akaja kuongoza Annabelle: Creation mwaka 2017 na Shazam! mwaka 2019.

Somo lake liko wazi. Usianze na jini la kutengenezwa kwa kompyuta. Anza na kitu ambacho mtazamaji atakigusa kabla ya kulala: swichi, kitasa cha mlango, ndoo ya maji bafuni, simu inayochaji. Kifungie kanuni moja ambayo mtazamaji ataigundua mwenyewe. Irudie hadi aijue kwa moyo. Mpe mhusika akili ya kutosha kujilinda, kisha punguza kinga yake moja baada ya nyingine. Mpe nafuu mara moja, nafuu ya kweli, apumue. Halafu ipige ile kinga aliyoiamini kuliko zote, na ukate papo hapo. Usieleze!

Hukumu yangu

Ni kazi bora, na sisemi hivyo kwa kuwa bado nasisimka. Nasema hivyo kwa sababu nimeirudia nikijua kila kitakachotokea, nikijua hata mbinu ya kuunganisha vipande vya picha, na bado pale mkono ulipotoka nje ya shuka kijasho chembamba kimenitoka upya. Hofu iliyojengwa juu ya kushtukiza hufa ukishaijua. Hofu iliyojengwa juu ya kusubiri haifi, kwa sababu kusubiri hakuishi kwa kujua.

Itazame usiku, peke yako, kwa spika za masikioni ili usipitwe na ule mlio wa swichi, na usiisimamishe hata kidogo katikati. Ukimaliza, mtumie rafiki anayedai filamu fupi ni mazoezi ya wanaoanza. Mwambie akupe jibu lake kesho asubuhi, baada ya kuzima taa zake zote.